Kimo Kilipopungua, Gamba Likakonda: Kutambua Hitilafu Katika Data za Ukuaji wa Ubongo wa Vijana

Kabla sijaanza kushughulika na data za ubongo, nilisimamia data za utafiti mmoja wa afya ya watoto katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Sengerema. Raundi ya pili ilipoingizwa kwenye kompyuta, mvulana mmoja alionekana amepungua kimo kwa sentimita sita. Karani wetu alitaka kuifuta tarakimu hiyo na kurudisha ile ya mwanzo, akiamini ni kosa la mkono. Nikamwomba asubiri. Tukavuka na kivuko cha Kamanga kwenda kumuuliza mama wa mtoto, naye akatueleza bila kuficha: siku ile Kulwa alikuwa kambini na baba yake kwenye dagaa, na kwa kuwa tulikuwa tumetoka mbali aliona vibaya kuturudisha mikono mitupu. Akamleta pacha wake, Doto, apimwe.

Kipimo kilisomwa vizuri, kikaandikwa vizuri, kikaingizwa vizuri. Kilichokosewa ni mtoto.

Tangu hapo, nikiona badiliko la ajabu katika data za ufuatiliaji, huwa najiuliza kwanza: amebadilika mtoto, au imebadilika njia ambayo kipimo chake kilipita hadi kunifikia? Wanafunzi wa uzamili hapa Mwanza huniletea matokeo yao ya data kubwa za ubongo, na mara nyingi jibu ni njia. Nimekusanya hapa dalili ninazokutana nazo mara kwa mara, chanzo chake na namna ya kuzishughulikia.

Mifano mingi ni ya utafiti wa ABCD wa Marekani (Adolescent Brain Cognitive Development, yaani ukuaji wa ubongo na akili wa vijana), kwa sababu ndio wengi wanaoutumia. Uliandikisha watoto karibu 11,880 wenye umri wa miaka 9 na 10 kati ya 2016 na 2018, katika vituo 21, kwa nia ya kuwafuatilia kwa miaka kumi. Huitwa kila mwaka kwa mahojiano na majaribio, na kila baada ya miaka miwili hupigwa picha za MRI, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Ulaya kuna IMAGEN, ulioanza na vijana wapatao 2,000 wa miaka 14 kutoka Uingereza, Ireland, Ufaransa na Ujerumani. Ufuatiliaji wenyewe si jambo geni kanda hii: kata ya Kisesa wilayani Magu imekuwa ikifuatiliwa kaya kwa kaya tangu 1994, na aliyewahi kufanya kazi na rejesta za namna ile anajua nusu ya ninayoyasema hapa.

Safu zimeongezeka baada ya kuunganisha majedwali

Hili ni jepesi, na ndilo la kwanza kuangalia. Umeunganisha jedwali la picha na jedwali la majaribio ya akili, ukaishia na safu nyingi kuliko za jedwali lolote kati ya hayo mawili. Umeunganisha kwa namba ya mtoto peke yake. Mtoto mwenye ziara tatu huku na ziara tatu kule huzaa safu tisa, na sita kati ya hizo zinaoanisha ubongo wa mwaka mmoja na alama za mwaka mwingine. Unganisha kwa namba ya mtoto pamoja na ziara. Kabla ya kuunganisha, hakikisha hakuna jozi ya namba na ziara inayojirudia. Baada ya kuunganisha, hesabu safu tena. Usichanganye kamwe majedwali ya matoleo mawili tofauti ya data, maana majina ya safuwima na njia za kuchakata hubadilika toleo hadi toleo.

Laptopu ikiganda unapofungua jedwali, usikimbilie kukopa pesa ya laptopu mpya. Data za ABCD zina maelfu kwa maelfu ya safuwima, na wewe pengine unahitaji thelathini. Soma hizo tu kwa kutumia arrow au data.table katika R, programu ya takwimu, kisha zihifadhi kwa mfumo wa Parquet. Na kila hatua iwe kwenye skripti, ili umeme ukikatika usianze kukumbuka ulibofya nini.

Wastani umepaa, au mtoto ana marafiki 999

Katika maswali mengi ya ABCD, 777 maana yake amekataa kujibu na 999 maana yake hajui. Ukiziacha zihesabiwe kama namba, wastani huharibika na uhusiano wa uongo hujitokeza, kwa sababu wanaokataa kujibu si watu wa kubahatisha. Chora mgawanyo wa kila kipimo kabla ya kukitumia, na usome kamusi ya data swali kwa swali.

Watoto hawaonekani kukua kiakili

Mwanafunzi mmoja alinijia amevunjika moyo: kwa miaka miwili msamiati wa watoto wake haukusogea, wastani 100 mwanzo na karibu 100 baadaye. Nilimwambia afungue tena kamusi ya data. Alikuwa ametumia alama zilizorekebishwa kwa umri. NIH Toolbox, seti ya majaribio ya akili inayotumiwa na ABCD, hutoa alama za namna kadhaa, na hapa zinatuhusu mbili: zisizorekebishwa, na zilizorekebishwa kwa umri zenye wastani wa 100 na mchepuko sanifu wa 15. Hizi za pili humlinganisha mtoto na wenzake wa umri wake, kwa hiyo ukuaji umeshaondolewa kabla hujaanza kuutafuta. Kama swali lako ni ukuaji, chukua zisizorekebishwa. Kama swali lako ni nafasi ya mtoto kati ya rika lake, chukua zilizorekebishwa.

Kuna kinyume chake pia: watoto wanaonekana kuendelea kwa kasi ya kushangaza. Mtoto anayefanya jaribio lilelile mara ya pili amelizoea, na sehemu ya alama alizoongeza ni mazoea. Na wale waliopata alama za chini kabisa mara ya kwanza watapanda kidogo hata bila msaada wowote, kama walio juu kabisa watakavyoshuka, kwa sababu alama za mwisho wa mizani huwa na bahati ndani yake. Usichague watoto kwa alama za ziara ya kwanza kisha ukashangaa wamebadilika ziara ya pili.

Gamba la ubongo linakonda

"Shikamoo mama. Nina wasiwasi na data zangu, ubongo wa watoto unasinyaa."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe umri wao."

Walikuwa kati ya miaka 9 na 13. Hapo hakuna hitilafu. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake walichapisha picha za MRI za watoto na vijana 145, baadhi yao wakipigwa zaidi ya mara moja, zikionyesha maada ya kijivu (tishu yenye miili ya seli za neva) ikipanda utotoni kisha ikishuka katika ujana. Mkusanyiko mkubwa uliochapishwa 2022, wenye picha za zaidi ya watu 100,000, uliweka kilele cha unene wa gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, kilele cha ujazo wa maada ya kijivu karibu miaka 6, na kilele cha maada nyeupe (nyuzi za neva) mwishoni mwa miaka ya ishirini. Kijana wa miaka 12 anayekonda gamba anakua. Viunganishi vya seli za neva visivyotumika hupunguzwa, na nyuzi zinazobaki huvikwa mafuta ya mayelini; mayelini ikiongezeka, mpaka kati ya kijivu na cheupe kwenye picha husogea, na programu husoma gamba jembamba zaidi. Kwa hiyo hata neno "kukonda" ni la tahadhari: sehemu ni badiliko la tishu, sehemu ni badiliko la jinsi tishu inavyoonekana kwa mashine.

Wasiwasi uanze pale kundi moja linapokonda kuliko jingine. Mtu akiniambia watoto wenye ADHD (shida ya kutulia na kuzingatia) wana gamba jembamba, namuuliza swali moja: nani alitikisika zaidi ndani ya skana? Mtoto akisogeza kichwa, picha hufifia kingo, na programu hupima gamba jembamba na ujazo mdogo kuliko ilivyo kweli. Watoto wadogo hutikisika kuliko wakubwa. Wavulana wa umri huu hutikisika kuliko wasichana, na mwenye shida ya kutulia hutikisika kuliko wote. Basi kutikisika kunaambatana na karibu kila jambo unalotaka kulichunguza. Kwenye picha za ubongo unaofanya kazi ni vibaya zaidi: mwaka 2012 makundi kadhaa ya watafiti, likiwamo la Jonathan Power, yalionyesha kwamba mitikisiko ya sehemu ya milimita hudhoofisha miunganiko ya maeneo yaliyo mbali na kuimarisha ya jirani. Hiyo ndiyo sura ileile iliyokuwa ikielezwa kama ukomavu wa ubongo.

La kufanya: tumia alama za ubora zilizomo ndani ya data kuchagua picha zinazofaa, weka kipimo cha wastani wa mtikisiko ndani ya modeli, kisha rudia uchambuzi kwa watoto waliotulia tu. Matokeo yakipotea hapo, usiyaandike kama matokeo ya ubongo. Lakini usiishie kutupa picha mbaya ukajisahau, maana kutupa nako kuna gharama: watoto unaowatoa ndio mara nyingi wenye shida uliyokuja kuichunguza, na wanaobaki si sampuli ileile uliyoanza nayo. Ripoti walioondolewa ni akina nani.

Kwa swali la mabadiliko, picha za mtoto mmoja zichakatwe pamoja. FreeSurfer, programu ya kupima ubongo kwenye picha za MRI, ina njia ya ufuatiliaji inayojenga kiolezo cha mtoto mwenyewe kutokana na ziara zake zote, na hupunguza sana kelele kuliko kuchakata kila picha kama ya mtu mgeni. Na toleo la programu liwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeona mtu akitumia toleo la zamani kwa ziara ya kwanza na jipya kwa ya pili, akapata ukuaji ambao haukuwahi kutokea kwa mtoto yeyote.

Mruko wa ghafla kati ya ziara mbili

Mstari unapanda taratibu, kisha unaruka, na unaruka kwa watoto wote wa kituo kimoja. Hapo tafuta mashine. ABCD hutumia skana za tesla 3 (kipimo cha nguvu ya sumaku) za Siemens, GE na Philips, na kila kampuni ina namna yake ya kutengeneza picha. Hata skana mbili za kampuni moja hazifanani kabisa. Skana ikiboreshwa programu au ikibadilishwa katikati ya utafiti, kituo kizima huruka siku moja. Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanajua kwamba dagaa waliopimwa kwenye mizani mbili hawalinganishwi mpaka mizani zenyewe zilinganishwe.

Weka namba ya mashine kwenye modeli, si jina la kituo tu, kwa sababu kituo kimoja kinaweza kuwa na mashine mbili. Njia ya ComBat, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya data za jeni, husawazisha wastani na mtawanyiko wa mashine tofauti, na ipo ya ufuatiliaji inayozingatia kwamba mtoto hurudi. Ila angalia: kama kituo fulani ndicho chenye watoto wengi maskini, kusawazisha kituo bila kuiambia modeli kuhusu kipato kunaweza kufuta tofauti ya kweli. Na kama unajenga modeli ya kutabiri, usawazishaji ujifunzwe kwenye data za mafunzo peke yake.

Ukiona mapengo au mabadiliko kuanzia Machi 2020, sababu unaijua. Ziara za ana kwa ana zilisimama kwa sababu ya UVIKO-19 wakati ziara za mwaka wa pili za picha zilikuwa bado zinaendelea, na mahojiano mengi yakahamia kwenye simu na video. Mtoto aliyejibu sebuleni, mzazi akiwa karibu, hajibu kama aliyekaa peke yake chumbani na mtafiti.

Thamani za p ni ndogo kupita kiasi

Kulwa na Doto wakipimwa, huna watu wawili wasiojuana. Wamelala nyumba moja, wamekula chungu kimoja, na kama wanafanana kabisa wana jeni zilezile. ABCD iliandikisha mapacha kwa makusudi katika vituo vinne, pamoja na ndugu wengine wengi. Ukimhesabu kila mtoto kama ushahidi unaojitegemea, unajihesabia ushahidi usio nao, na hitilafu za makadirio zinaonekana ndogo kuliko zilivyo, na pamoja nazo thamani za p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu. Ziara za mtoto mmoja nazo ni hivyohivyo, na watoto wa kituo kimoja vilevile.

Tumia modeli ya athari mseto yenye ngazi zake: ziara ndani ya mtoto, mtoto ndani ya familia, familia ndani ya kituo au mashine. Katika R, lme4 inatosha kwa kazi nyingi. Ikigoma kufika kwenye jibu, chagua mtoto mmoja kwa bahati nasibu kutoka kila familia, fanya uchambuzi, rudia mara kadhaa.

Hapohapo tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: tofauti kati ya watoto, na badiliko ndani ya mtoto. Kwamba watoto wanaolala zaidi wana gamba la namna fulani haimaanishi mtoto huyu akilala zaidi gamba lake litabadilika. Gawa kipimo cha usingizi mara mbili, yaani wastani wa mtoto mwenyewe katika ziara zote, na umbali wa kila ziara kutoka kwenye wastani huo. Viingize vyote viwili. Mara nyingi nimeona cha kwanza kikiwa na nguvu na cha pili kikiwa sifuri, na makala nzima ikalazimika kuandikwa upya. Hasara hiyo ni njema.

Uhusiano ni mdogo mno, nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa ABCD pamoja na data nyingine mbili kubwa, jumla ya watu karibu 50,000. Uhusiano wa kawaida kati ya kipimo kimoja cha ubongo na kipimo kimoja cha tabia ulikuwa na r (kipimo cha uhusiano, ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili) ya karibu 0.01. Tafiti za zamani zenye washiriki wapatao 25 zilikuwa zikitangaza r kubwa mara nyingi kuliko hiyo kwa sababu sampuli ndogo huyumba, na kilichoyumba juu ndicho kilichochapishwa.

Ndani ya data za watoto 11,000, hata r ya 0.03 itapata nyota za umuhimu. Nyota hizo zinasema uhusiano si sifuri, hazisemi una maana kwa mtoto yeyote. Toa ukubwa wa athari na upeo wake wa makadirio, gawa data sehemu mbili, gundua kwenye moja na thibitisha kwenye nyingine. Na wewe mwenye watoto 40 hapa jijini usikate tamaa kwa sababu ya matokeo ya Marek. Hoja yake ni kuhusu kulinganisha watu mbalimbali kwa kipimo kimoja. Jaribio la tiba linalompima mtoto kabla na baada, kwa vipimo vingi vilivyo imara, ni kazi nyingine, na bado lina nafasi.

Waliobaki wanaonekana wazuri kuliko walioanza

Kule Sengerema tulijifunza kupanga ziara kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, na ndipo unapowakuta nyumbani na vijana wao. Kabla hatujalijua hilo, tulikuwa tukiandika "hayupo" kwa watoto walewale kila raundi: waliohamia visiwani na wazazi, waliokwisha kuacha shule. Wastani wetu wa mahudhurio ya shule ulikuwa unapanda raundi kwa raundi, na hakuna shule iliyokuwa imeboreka.

Marekani hawana kambi za dagaa, lakini mpangilio unafanana. ABCD imeshikilia washiriki wake vizuri sana, hata hivyo ziara zinazokosekana huangukia zaidi familia zenye kipato na elimu ndogo. Linganisha vipimo vya mwanzo vya waliobaki na vya waliopotea, na jedwali hilo liwe la kwanza katika ripoti yako. Usifute safu zenye mapengo kwa mazoea. Tumia ujazaji wa mara nyingi (kukadiria mapengo mara kadhaa na kuunganisha matokeo) au modeli zinazotumia ziara zote zilizopo, weka uzito wa kuelekeza sampuli kwa idadi ya watu wa nchi husika, kisha jaribu dhana mbaya: kama waliopotea wangekuwa na hali duni zaidi, je, matokeo yangesimama?

Makundi ya rangi yanatofautiana kwa ujazo wa ubongo

Dalili hii nakuomba uishike kwa mikono miwili. Jedwali lina safuwima ya rangi, modeli inatoa tofauti, na mwanafunzi anaandika sentensi ambayo kesho itanukuliwa na mtu mwenye nia mbaya dhidi ya watoto wanaofanana na wetu. Rangi katika data hizi ni jibu la fomu. Ndani yake kuna kipato, mtaa, hewa, shule, ubaguzi, usingizi, chakula. Mwaka 2023 Nathalie Dumornay na wenzake walitumia ABCD kuonyesha kwamba tofauti za ujazo kati ya watoto weusi na weupe katika baadhi ya maeneo ya ubongo zilielezwa kwa sehemu na tofauti za dhiki za utotoni, na kipato cha familia kilikuwa na nguvu kubwa kati ya hizo.

Basi usiingize rangi kwenye modeli kwa desturi tu, kama chumvi. Sema unadhani inawakilisha nini, kisha pima kitu hicho chenyewe. Kama huwezi kusema, iondoe.

Mtoto wa Ukerewe yuko nje ya mstari wa Marekani

Mtu amepata picha za vijana wachache wa huku, akazilaza juu ya mchoro wa ukuaji uliotokana na data za Marekani na Ulaya, na nusu yao wameangukia chini. Sababu za kwanza ni zilezile za juu: mashine nyingine, programu nyingine, mtikisiko mwingine, na umri uliokadiriwa na bibi badala ya kusomwa kwenye cheti. Baada ya hapo kuna ziwa lenyewe. Kichocho, malaria na upungufu wa damu ni mambo ya kawaida kwa watoto wa ufukweni, na fomu zilizotungwa kwa watoto wa Marekani hazikuundwa kuyauliza. Balehe nayo haiji kwa kalenda moja kila mahali, na ujana wa ubongo huifuata balehe kama unavyofuata miaka.

Usiandike "wamechelewa". Tafuta tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Pima hemoglobini, pima kichocho na malaria, uliza balehe kwa faragha, kijana akiwa na mtafiti wa jinsia yake. Waite tena mwakani, kwenye mashine ileile, na uwalinganishe na wao wenyewe. Na siku ya kipimo, kama kuna pacha nyumbani, waombe waje wote wawili.